Malalamiko Kuhusu Mamba Wawili Walioandikwa kwa Jina Langu

Polikarpi Kashaija,
Kanoni, Karagwe.
Alhamisi, mvua inanyesha.

Kwa Katibu wa Chama chetu cha Kahawa.

YAH: MASHINE YENYE MASIKIO LAKINI HAINA KICHEKO

Ndugu Katibu Mugisha,

Shikamoo yako ya Jumapili pale kanisani niliiitikia nusu, maana nilikuwa na hasira. Marahaba nzima ni hii hapa. Sasa kaa vizuri. Anayeandika ni mke wangu Benadeta. Mimi na kalamu hatujawahi kupatana, ila maneno yote ni yangu.

Zamani, yaani mwaka jana, mkulima akitaka kuandikishwa alikwenda ofisini kwa karani wenu Restuta. Unamtajia shamba lako, yeye anabofya kompyuta, jedwali linajaa pole pole. Ilimchukua msimu mzima, sikatai. Halafu wewe ukaenda semina Kayanga, ukarudi unatuambia umetengeneza akili mnemba bila kusomea ukompyuta, kwa kuunganisha tu vijisanduku kwenye kioo kama mtu anayeunga mabomba. Mkulima atume sauti yake kwa Watsapu, mashine isikilize, ijaze jedwali yenyewe. Tulikupigia makofi. Mimi nilipiga kuliko wote, maana kwa makofi hakuna anayeniweza Karagwe na Kyerwa ukizichanganya.

Yaliyonipata ni haya.

1. Simu iliniuliza kwa heshima mimi ni nani na nina nini. Mugisha, wewe ni mtoto wa hapa. Mwanaume akiulizwa hivyo anafanyaje? Anasimama, anashika mkuki, anajisifu mpaka watu waridhike, ndiyo kwebuga yetu. Nikashika fimbo badala ya mkuki, nikajisifu kama niko harusini. Nikasema mimi ndiye Kashaija niliyevuka mto Kagera kwa mguu, mamba wawili wakanisindikiza mpaka nyumbani. Ng'ombe wangu mia nne wakinywa, mto unabaki tope. Mkungu wangu mmoja wa ndizi wanaubeba vijana sita, wa saba anawaimbia. Kahawa yangu inaanzia mlangoni na kuishia jua linakozama. Benadeta alipiga vigelegele. Mashine haikupiga chochote. Iliandika.

2. Sasa ilichoandika. Nilisomewa ofisini kwako mbele ya watu: ng'ombe, mia nne, mifugo mingine, mamba wawili, vibarua wa kudumu, saba. Ng'ombe sikuwa na ugomvi nao sana. Lakini yule wa saba alikuwa anaimba tu, na mashine imemfanya kibarua. Huo ni uonevu.

3. Restuta hakuwa hivyo. Kila mwaka nilijisifu mbele yake, naye alicheka mpaka anafuta machozi kwa kanga. Akimaliza ananiuliza, "Babu, na wale mbuzi wako wawili hawajambo?" Nikisema hawajambo, anaandika mbuzi wawili. Utaratibu ulikuwa huo: mimi napata heshima yangu, chama kinapata ukweli wake, kila mtu anarudi nyumbani salama. Sasa umempeleka kwenye mizani apime magunia. Gunia halina kisa cha kumchekesha mtu.

4. Hapa ndipo panapouma. Unajua ugonjwa wa mnyauko ulivyopita kwenye kibanja changu, shamba langu la nyumbani. Mibuni yangu imesimama kama kuni zinazongoja shoka. Chama kinagawa miche inayostahimili mnyauko kabla mvua hizi hazijakatika, na mashine yako ikapitia jedwali, ikanitoa kwenye mgao: mkulima mkubwa, hahitaji. Kweli, mtu anayefuga mamba apewe miche ya nini? Lakini mimi ni mzee, Mugisha. Mche wa kahawa unataka miaka mitatu ndipo uzae. Mvua hii ikinipita, sijui kama mimi na kahawa tutaonana tena. Hilo silisemi kwa kujisifu.

5. Kumbe haikutosha. Mashine ikaniteua mkulima wa mfano, ikatuma ujumbe yenyewe mpaka Kimuli, na Jumamosi hii kikundi cha wakulima cha Mama Mukakalisa wa huko kinakuja kujifunza kwangu. Amepiga simu kuuliza kama mamba wanafungwa mchana. Nikamjibu ni wapole, wamezoea watu. Ningejibuje?

Kwa hiyo naomba, tena kwa adabu, mashine ifundishwe kucheka. Kama kucheka hakuwezekani, basi mzee akimaliza kusema inyamaze kidogo, kisha iulizie habari za mbuzi. Restuta arudi mezani. Mimi nirudi kwenye mgao. Na kama yote hayo ni magumu, chama kiniletee ng'ombe mia nne kabla ya Jumamosi asubuhi, ili jedwali lenu lisionekane la uongo. Mamba nitawatafuta mwenyewe.

Nisalimie mama yako, nisalimie Restuta, na mlinzi wa ghala umwambie kikohozi chake kinasikika mpaka huku. Hata mashine isalimie. Ilinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo wewe hujawahi.

Mimi niliyekaukiwa shambani lakini si mdomoni,
Polikarpi Kashaija
(dole gumba langu)

N.B. Leo ni Jumapili. Barua haikuondoka, kijana wa bodaboda alikwama kwenye matope ya Rugu. Wageni walikuja, watu kumi na wawili, kila mmoja na miche ya kahawa inayostahimili mnyauko kutoka kitalu chao, maana wanasema kwa mwalimu hawaendi mikono mitupu. Nikawaambia ng'ombe wako malisho ya mbali. Mama Mukakalisa alikwenda kwenye mibuni yangu, akashika tawi, likamvunjikia mkononi. Nilitafuta neno nikakosa, na Benadeta ni shahidi kwamba hilo halijawahi kutokea tangu anioe. Anasema mimi ndiye niliyemuoa, aandike anavyotaka. Yule mama akaliweka tawi chini taratibu, akasema, "Mzee, leo tufundishe kuchimba mashimo."

Nikawafundisha. Nilikaa na kibuyu changu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, nikiwakosoa mpaka saa kumi jioni. Mikavu yote imeng'olewa, miche yote imo ardhini, na usiku mvua ikanyesha juu yake.

Kwa hiyo barua hii usiifanyie kazi. Mashine iache kama ilivyo, ina akili nyingi sana. Iongezee tu kwamba nina bwawa kubwa la samaki, na Jumamosi ijayo iniletee wanafunzi wengine. Waje na majembe, maana bwawa lenyewe bado halijachimbwa.