Mstari wa Kijani Kwenye Maganda Yangu

Jumatatu, 6 Juni

Gaylen Sletten hakuja tena. Jumatatu ya tatu mfululizo! Miaka thelathini tumesafisha maganda ya risasi pamoja bandani mwangu kila Jumatatu baada ya chakula cha mchana, tuyajaze baruti upya. Mimi nasimamia pipa linalotikisika, yeye anachekecha. Leo nimekaa peke yangu na kahawa ya watu wawili. Nimeinywa yote. Moyo unanienda mbio.

Najua alipo. Yuko ng'ambo ya barabara, kwa Delmar Opdahl. Pikapu yake imeegeshwa pale tangu saa saba, bila haya, pua imeelekezwa nyumbani kwangu.

Huyu Delmar alihamia hapa juzi juzi tu, miaka minne iliyopita. Kwenye uwanja wa shabaha watu humwokotea maganda yake na kumpelekea mkononi, kwa jinsi yanavyong'aa. Yangu wanayakanyaga. Ukishika ganda lake, vidole vinabaki safi. Ukishika langu, vidole vinatoka vyekundu. Ni vumbi la makokwa ya jozi yaliyosagwa, yale tunayotia pipani yasugue shaba. Vumbi kidogo tu! Liko juu ya ganda, liko ndani ya shingo ya ganda, liko kwenye kahawa. Nimemwambia Gaylen siku zote kwamba vumbi ni alama ya kazi.

Kweli, mwezi wa tano alilalamika. Alisema kifua kinambana, daktari kamkataza vumbi lile, nami nifungue mlango mkubwa wa banda tunapochekecha. Nikamjibu nikiufungua Delmar ataona ninavyofanya. Akavaa kofia, akaenda zake. Nilijua ameelewa.

Jumamosi ni shindano la shabaha la wawili wawili. Karatasi ya majina imebandikwa kwenye duka la vifaa, mwisho Ijumaa jioni. Kila mwaka Gaylen ndiye anayetuandikisha, maana mwandiko wangu unasomwa na mimi tu. Nimepita pale leo. Hatumo! LaVonne, mke wangu, kauliza kama naona wivu. Mimi? Thubutu.

Jambo jingine. Kopo langu kubwa la maganda limepungua. Lilikuwa limejaa pomoni, sasa liko nusu. Nani huingia bandani zaidi yangu na Gaylen? Naandika tu kwa kumbukumbu.

Jumanne, 7 Juni

Siku ya takataka. Mapipa yote yako kando ya barabara. Nimetoka na kamba ya mbwa mkononi ili nionekane nina shughuli, ingawa mbwa wetu alikufa mwaka juzi.

Nimefunua pipa la Delmar. Siri nimeipata! Vile vitambaa vyepesi vyenye manukato, vya kutia kwenye mashine ya kukaushia nguo ili zisinatane. Vingi! Vya kijivu, vimejaa vumbi. Kumbe ndivyo anavyotia kwenye maganda vikalamba vumbi lote! Hata mzee wa duka la vifaa aliwahi kunidokeza jambo hilo, nikamcheka.

Delmar akatokea na gazeti lake. Akanisalimu, akauliza mbwa hajambo. Nikasema hajambo, ametangulia mbele. Akaitazama kamba, akanitazama mimi. Akasema, "Haya jirani, msalimie." Ana dharau sana yule mtu.

Jumatano, 8 Juni

Nimechukua boksi zima la vitambaa vya LaVonne, jipya, halijafunguliwa. Kama Delmar anatumia vilivyokwisha kazi, mimi nitatumia vipya, nimpite. Mwenye akili haigi, huongeza. Nimevitia vyote pipani pamoja na maganda. Mlango nimefunga, dirisha nimefunga. Saa tatu za mtikisiko.

Nimefungua. Harufu ya bustani nzima! Lakini maganda yamepata utando kama mafuta ya nguruwe yaliyoganda sufuriani, na vumbi limenata juu yake. Zamani lilikuwa linapukutika. Sasa limehamia.

Jioni LaVonne amerudi kutoka kwenye kahawa ya akina mama wa kanisa, akabamiza mlango. Kumbe alikausha nguo bila kitambaa. Sketi ilimganda miguuni mbele ya mke wa mchungaji, na soksi yangu ilikuwa imenata mgongoni kwake tangu nyumbani. Hakuna aliyemwambia mpaka alipomaliza kusoma sala. Ameuliza boksi liko wapi. Nimesema huenda ni Delmar. Amesema, "Orrin Brekke, nguo zako zinanuka maua mpaka kofia."

Chakula cha jioni nimepasha cha jana. Viazi vya juu vimeungua.

Alhamisi, 9 Juni

Leo nimeona kwa macho yangu. Afadhali nisingeona.

Nilikuwa nyuma ya ua wa Delmar, nimeinama, natafuta kamba ya mbwa niliyoidondosha pale kwa makusudi. Dirisha la banda lake liko wazi. Wamekaa bega kwa bega, Gaylen na Delmar, wanacheka. Mlango mkubwa wazi, upepo unapita, Gaylen hakohoi hata kidogo. Kwangu hukohoa! Kwa Delmar kakohoa wapi? Hiyo si jeuri?

Kisha nikaona. Gaylen ameshika kalamu ya wino wa kijani. Mbele yake rundo la maganda yanayong'aa. Anachukua moja, anapiga mstari kwenye kitako, anaweka chini. Anachukua jingine.

Kijani ni rangi yangu! Kila mtu uwanjani ana rangi yake ya kuchorea maganda, yasichanganyike yakiangukia chini. Gaylen ni mwekundu. Mimi ni kijani. Tulichagua siku moja, dukani kwa marehemu baba yake, miaka thelathini iliyopita. Sasa anampa Delmar rangi yangu! Mwenzangu nimenyang'anywa, rangi nimenyang'anywa, imebaki waje wamchukue na LaVonne.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilitaka kupiga kelele, lakini nilikuwa nimenaswa suruali kwenye miiba ya ua. Nikasikia Gaylen anasema, "Huyu akijua atatoa macho kama bundi." Wakacheka tena wote wawili.

Nimerudi nyumbani na nusu ya suruali. Nimemwambia LaVonne yote. Kaniambia niende nikamuulize Gaylen mwenyewe kama mtu mzima. Wanawake hawaelewi mambo ya heshima.

Ijumaa, 10 Juni

Mpango wa mwisho. Nitatokea kesho na maganda masafi kuliko ya Delmar, kila mtu ayaone, Gaylen alie.

Utando wa mafuta uko palepale, vumbi liko palepale. Nikakumbuka mashine yangu ya upepo ya kupeperushia majani makavu. Nikatandaza maganda yote juu ya wavu wa zamani wa mlango. Nikafunga mlango mkubwa, kwa ajili ya siri. Nikavaa miwani ya kuogelea. Nikawasha.

Lahaula!

Vumbi la miaka thelathini lilikuwa mle bandani, sikujua. La kwenye maganda lilibaki palepale, ila la kwenye rafu, darini, chini ya meza, lote liliinuka kwa pamoja. Sikuona mkono wangu. Maganda yakaruka ukutani kama popkoni.

Na ndipo mlango mdogo ulipofunguliwa. Gaylen! Amesimama na karatasi mkononi, anatabasamu. Alisema neno moja tu, "Orrin," kisha akavuta pumzi.

Sijawahi kusikia kikohozi kama kile. Alijikunja, akashika kizingiti, midomo ikabadilika rangi. Niliogopa. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma: niliogopa sana, na mashine ilikuwa bado inapuliza mkononi mwangu.

Delmar alivuka barabara mbio na maji. Akamshika mkono Gaylen, akamtoa nje, akamkalisha kwenye nyasi zangu, akampigapiga mgongo. Mbele ya nyumba yangu! Mgongo wa rafiki yangu! Nilipofika na kikombe changu, Gaylen alikuwa ameshakunywa cha Delmar. Akanipungia mkono, hawezi kusema. Karatasi akaisokomeza mfukoni. Delmar akaniambia kwa upole niache mlango wazi, vumbi litoke. Kwa upole! Ndicho kilichonichoma zaidi.

Wakaondoka pamoja. Karatasi ile najua ni ya shindano, na jina lililomo si langu.

Jumamosi, 11 Juni

LaVonne ndiye aliyenitoa kitandani. Kasema niende, hata kama ni kupiga makofi tu.

Uwanjani nimesimama nyuma, karibu na meza ya pai. Ione, mwenyekiti wa klabu, akaanza kusoma majina. Opdahl na binti yake Solveig. Binti yake? Nikadhani masikio yangu yameziba vumbi. Kisha akasoma: Sletten na Brekke. Akarudia. "Brekke, mzee, upo au umejificha kwenye pai?"

Gaylen akaja. Uso bado mweupe, lakini anatembea. Amebeba boksi la mbao. Kanipa mkononi. Nikafungua. Maganda mia mbili, yamepangwa safu kwa safu, yanang'aa nje na ndani ya shingo. Nikashika moja. Vidole safi! Kila kitako kina mstari wa kijani.

Akaeleza, huku akipumzika katikati ya maneno. Aliyachota kwenye kopo langu mwezi uliopita. Delmar ana pipa jipya linaloosha kwa maji na sabuni, pamoja na visindano vya chuma, halitoi vumbi hata chembe. Maji yalifuta mistari yote, basi akaichora upya kwa mkono, mmoja mmoja. Zawadi ya miaka thelathini. Jana alikuja nitie sahihi karatasi yetu ya shindano, ikabidi anitilie mwenyewe. Akasema, "Mimi nataka kukaa na wewe Jumatatu, ndugu yangu. Kifua ndicho kilichokataa. Nifungulie mlango tu."

Nililia. Nikasema ni vumbi. Akasema hapa uwanjani hakuna vumbi, ni nyasi tupu. Nikamwapia mbele ya Ione, kofia kifuani, kwamba mlango ule hautafungwa tena maisha yangu yote.

Delmar naye akasogea. Nikamuuliza vile vitambaa pipani. Kasema ni vya kufulia, wana watoto wa binti yake nyumbani wiki hizi, nguo haziishi. Nikamshika mkono. Nikamwita jirani. Mtu mwema kabisa!

Tumekuwa wa tatu, kama miaka yote. Sijawahi kufurahi hivi.

Jumapili, 12 Juni

Tumetoka kanisani. Gaylen anakuja saa kumi, tuanze kuyajaza maganda mapya. Nimemwambia pipa langu halitawashwa, aje bila wasiwasi.

Nimelipanga boksi mezani. Nimeyatazama sana. Mazuri. Mazuri mno. Kila nikishika moja naliona pipa la Delmar. Sabuni ya Delmar. Maji ya bomba la Delmar! Watu watayaokota uwanjani na kusema hii ni kazi ya Delmar, na watakuwa wanasema kweli. Halafu nikaona mistari mingine imepinda. Gaylen hapindishi mstari. Nani basi alishika kalamu yangu ya kijani alipochoka? Hakuna haja ya kuuliza.

Si wivu. Ni usafi. Zawadi ni ya Gaylen, basi nataka mkono wa Gaylen peke yake ubaki juu yake.

Nimeyamwaga yote pipani kwangu, na makokwa mapya ya jozi, mfuko mzima. Saa mbili tu, uDelmar wote utoke. Kisha nitayapuliza haraka haraka, nichore mistari upya, niyapange boksini kabla ya saa kumi. Hatajua kitu.

Linatikisika vizuri. Mlango mkubwa nimeufunga kwa leo tu, Delmar yuko kibarazani kwake na anaangalia huku.