Mgeni Sebuleni Kwangu

Jumatatu, 14 Julai 2025
Nimerudi kutoka kazini Al Garhoud, hapa Dubai, nimelowa jasho. Sebule yangu ina digrii ishirini na nane. Mama mkwe wangu, Bi Swafiya, amekaa mbele ya televisheni na shali begani kama yuko Ulaya. Ati baridi ya kiyoyozi inamwingia magotini. Kila nikishusha, anapandisha. Nikienda msalani tu, keshasimama kukibonyeza kile kidude cha ukutani. Mke wangu Ghaliya anasema nimvumilie mama. Mimi ananivumilia nani? Na Ijumaa wanakuja watu kumposa binti yetu Amna. Tuwakalishe ndani ya tanuri?

Jumanne, 15 Julai
Nimepata dawa. Nimepita madukani Naif, nikanunua kidude kipya kinachotii simu. Unakaa ofisini, unabonyeza, nyumbani kunapoa. Vitufe vya ukutani unavifunga. Bi Swafiya abonyeze mpaka achoke. Ghaliya kaniuliza cha zamani kina kosa gani. Nimesema wataalamu wanasema ni cha hatari. Kauliza wataalamu gani. Mwanamke huyu hajui kuamini.

Jumatano, 16 Julai
Yaqoub, fundi wa jengo letu, kakataa kuja. Ati nisubiri Jumamosi na nisiguse nyaya. Nimekifunga mwenyewe. Nyaya zilikuwa tano, nami nilikuwa na uhakika na tatu. Mbili nikazichomeka palipobaki nafasi. Kimewaka. Laiti Yaqoub angeniona.

Tatizo: simu yangu kongwe imeikataa programu yake, na bila simu kidude hakiunganishwi. Bi Swafiya anayo mpya, aliyoletewa na mwanawe kutoka Maskati. Nimemwambia namtilia kitu cha kumwonyesha hali ya hewa ya Unguja. Kaniombea dua ndefu. Kisha nikaunganisha kompyuta yangu ya kazini, na hapo nikatukanwa. Simu ya kwanza kuunganishwa huandikwa mwenye nyumba. Anayefuata huandikwa mgeni. Sebule yangu, kiyoyozi changu, na mgeni ni mimi.

Alhamisi, 17 Julai
Alasiri, nikiwa ofisini, nimeshusha mpaka ishirini. Raha yake siwezi kuieleza. Nimemwonyesha Dancan, Mkenya tunayekaa meza jirani. Kasema, "Mzee, uko juu." Nimefika nyumbani: ishirini na tisa.

Bi Swafiya kanipokea kwa furaha. "Maan, mwanangu, leo nimetazama, Unguja digrii ishirini! Nikasema masikini, watu wetu watakufa na baridi. Nikabonyeza mshale wa juu, ikapanda."

Nimemweleza kuwa hali ya hewa haipandishwi, hutazamwa tu. Kasema mbona imepanda. Nimekwenda kuoga kabla sijajiumbua.

Ijumaa, 18 Julai
Wageni wamefika baada ya swala: Mzee Amour, baba wa kijana, pamoja na mkewe na dada yake. Nimewakaribisha, nikaingia chumbani kwenye kompyuta, nikashusha mpaka kumi na nane. Nikarudi kukaa. Joto likapanda. Bi Swafiya alikuwa na simu mapajani. Nikaomba udhuru, nikashusha. Akapandisha. Nilipoondoka tena, Mzee Amour alimuuliza Ghaliya kwa sauti ya chini kama tumbo langu ni zima.

Kisha kiyoyozi kikakohoa na kuzima. Khalas, kimekwisha.

Mama wa kijana alikuwa anajipepea kwa kisahani cha halua. Nikasema huu ni uzembe wa wenye jengo na nitawashitaki. Hapo Bi Swafiya akampa Mzee Amour simu, ati atazame hali ya hewa ya kwao aliyotiliwa na mkwe wake. Mzee Amour akavaa miwani.

"Hii si Unguja," kasema. "Hapa pameandikwa sebuleni. Na huyu mgeni anayeshusha kila mara ni nani?"

Wote wakanitazama. Kompyuta ilikuwa kwapani mwangu.

Amna alikuwa amesimama mlangoni na sinia la sharubati, machozi yanamlengalenga. Nikajua nimemharibia mtoto siku yake. Aliyesema ni Bi Swafiya. Kamuuliza Mzee Amour kama gari lake lina baridi. Kasema linayo, tena ni la viti saba.

Basi tumeteremka sote. Posa imekubaliwa kwenye maegesho, injini ikinguruma, Fatiha ikasomwa nami nikiwa kiti cha nyuma kabisa, magoti kidevuni. Bi Swafiya kakaa mbele. Kaomba baridi ipunguzwe. Ikapunguzwa papo hapo.

Jumamosi, 19 Julai
Yaqoub kaja, katazama nyaya, kauliza nani kafanya kazi hii. Nimesema simjui. Kakirudisha kidude cha zamani. Ghaliya hanisemeshi.

Bi Swafiya kaningoja tubaki wawili. Kasema Amna alimweleza kila kitu tangu Jumatano. "Hivi ulidhani mimi siijui hali ya hewa? Nakaa humu mchana kutwa peke yangu, baridi hiyo naila mimi. Ungeniomba tu, mwanangu, ukirudi ningehamia chumbani kwangu." Nimeona haya. Si sana, lakini nimeona.

Jumapili, 20 Julai
Nimefikiri sana. Kosa si langu, ni la kidude. Kiyoyozi hakikuwa njia. Kuna blanketi la umeme, nalo linatii simu. Bi Swafiya atajifunika, nami ofisini nitalipandisha taratibu mpaka aombe baridi kwa kinywa chake. Ghaliya nimemwambia ni zawadi ya kumtaka radhi mama yake. Katabasamu, mara ya kwanza tangu Ijumaa, kanipa simu yake nikaunganishe. Muuza duka kanitahadharisha kwamba plagi yake haiingii kwenye soketi za hapa. Hilo si tatizo. Nitaikata mwenyewe.