Kiazi Kitakachoitwa Wopke

Jumatatu, 3 Julai
Barua ya kampuni ya mbegu imefika. Mwaka huu ndio wa mwisho. Asiyewapa mche wenye alama ya vinasaba inayoonyesha kinga dhidi ya bakajani, ule ugonjwa unaoozesha viazi, hapewi mbegu tena. Miaka ishirini na miwili nawachagulia miche yao shambani kwangu, na shukrani ndiyo hii! Gerbrich, jirani wa ng'ambo ya mtaro, ameshatoa aina mbili za viazi, zote kazipa majina mwenyewe. Mbili! Marehemu baba alichagua miche miaka thelathini, akafa bila hata moja. Nilimwahidi akiwa kitandani: nitatoa kiazi, na kitaitwa Wopke, jina lake.

Nina mche mmoja mzuri, wa shina la zambarau, namba 14. Lakini miaka mitatu mfululizo maabara imeniambia miche yangu haina alama. Sibahatishi tena.

Jumatano, 5 Julai
Gerbrich kaenda kanisani kupanga maua. Nikaruka mtaro. Kiatu kimoja kikabaki matopeni, potelea mbali. Nikachuma jani kwenye mstari wake wa pembeni, ulionawiri kuliko yote. Yule mama hapandi ovyo. Nikalitia kwenye bahasha, nikaandika namba 14, nikaituma maabara. Sietze, una akili wewe!

Mke wangu Tjitske kauliza kiatu kiko wapi. Nimesema kimechukuliwa na mbwa. Hatuna mbwa.

Alhamisi, 20 Julai
Majibu. Namba 14: hakuna alama. Haiwezekani! Nikapika kahawa, nikamwita Gerbrich, nikampa biskuti moja, nikamdodosa kwa mbali: mstari ule wa pembeni ni viazi gani? Akacheka. Eti ni aina ya zamani, hushikwa na bakajani kabla ya vyote. Kaipanda makusudi ivute ugonjwa shambani, ajue mche upi utahimili. Kauliza kwani mimi sifanyi hivyo. Nikasema nafanya sana.

Kampuni inataka mche usio na alama ung'olewe, na mkaguzi wao anakuja kesho. Nikaung'oa namba 14, nikautupa ng'ambo ya mtaro kwa hasira. Na biskuti imeliwa bure.

Jumamosi, 12 Agosti
Mvua wiki nzima. Bakajani imeingia. Shamba langu jeusi, linanuka. La Gerbrich nusu limekwisha, nakiri nilifurahi kidogo. Kisha nikaona ndoo kwenye ukuta wa banda lake, na ndani yake mche mmoja wa kijani, hauna hata doa. Shina la zambarau. Ni namba 14! Nimekaa ukingoni mwa mtaro nikalia kama mtoto.

Jumatatu, 21 Agosti
Gerbrich kaja, kiatu changu mkononi. Hakutaka kukaa. Kasema aliuokota mche, akauonea huruma, akaupanda kwenye ndoo, akapeleka jani maabara. Una alama mbili. Mbili! Kasema, jirani, mche huu ni wako, mimi siutaki. Waambie tu kampuni kwamba jani la Julai lilitoka kwangu, wauandikishe kwa jina la mzee wako.

Yaani nikiri wizi? Wanisute kwenye kila sherehe ya kuzaliwa kijijini mpaka nife? Nikamwambia mche huo sijawahi kuuona maishani, na kiatu si changu. Akakitazama kile kingine pale mlangoni. Kasema Wopke alikuwa mtu wa haya, lakini aibu hii angeivumilia. Nikafunga mlango.

Alhamisi, 31 Agosti
Kampuni imeuchukua mche. Mmiliki kaandikwa Gerbrich. Aina ya tatu sasa. Alinitumia ujumbe jana, akaniuliza mara ya mwisho. Nikaufuta.

Tjitske hasemi nami. Asubuhi kauliza tu kama nitapeleka maua kaburini kwa baba, leo ni siku aliyofariki. Nikasema mvua. Jua lilikuwa linawaka. Ningemwambia nini mzee?

Nimekaa nikatafakari kwa dhati, kama mtu mzima. Kosa langu nimeliona. Lilikuwa mstari. Mwakani nitaomba mbegu kwa jina la Tjitske, na jani nitachuma mstari wa pili.