Alhamisi Iliyopitiwa na Mkasi

Jumatatu, 3 Machi
Mama mkwe, mwenye duka la ushonaji na, nikisema ukweli, mwenye mimi pia, ametangaza jambo. Meza ya dirishani iko wazi. Ataipata fundi atakayemaliza kazi ya wiki hii kwa wakati. Mafundi tuko wawili tu, mimi na shemeji, mdogo wake mke wangu, mtu anayeshona huku akipiga mluzi. Yeye kapewa suruali za walinzi. Mimi gauni la mwalimu mkuu, la kuvaa Jumamosi kwenye mahafali. Nimekaa kwenye kona ya giza hadi uzi natunga kwa kupapasa. Meza hiyo nitaipigania kufa na kupona.

Shemeji kaanza kukata papo hapo. Maskini. Hana mpango.

Jumanne, 4 Machi
Nimetengeneza kalenda. Nilichukua karatasi ya kaki, ile tunayochorea vipimo, nikaigawa kwa rula na chaki za rangi. Bluu ni kazi. Njano ni kupumzika baada ya kazi. Nyekundu ni kutafakari nilivyotumia muda. Jumatano kukata, na kuunga kiwiliwili na sketi. Alhamisi kushona mikono. Ijumaa saa tatu, kusifiwa. Imenichukua siku nzima. Jioni nikatafakari, nikaona siku nimeitumia vizuri mno.

Mama mkwe aliuliza gauni limefika wapi. Nikamwambia liko Alhamisi. Alinitazama kwa muda ambao sikuwa nimeupangia.

Jumatano, 5 Machi
Kiwiliwili na sketi nimekata na kuunga kwa saa zilizopangwa. Raha iliyoje! Nilipofika kwenye mikono, karatasi ikaisha. Nikaona nyingine mezani, safi, nikachora juu yake, nikakata, nikaitumia kukatia kitambaa. Mkono mzuri, una mviringo wa kupendeza begani. Nilipoigeuza karatasi, nikaona bluu, njano na nyekundu. Ilikuwa kalenda. Nimeikata Alhamisi yote, tangu asubuhi.

Shemeji alishauri niisome hukohuko kwenye mkono. Nikamjibu kwamba siku haiwezi kuwa na kwapa. Kacheka hadi kajidunga sindano. Afadhali.

Alhamisi, 6 Machi
Leo haipo kwenye kalenda. Nimefikiri sana. Kufanya kazi siku isiyopangwa ni kuuharibu mpango wenyewe. Nikabaki kitandani. Mke wangu akauliza kama naumwa. Nikamweleza kwamba leo ni tundu. Akasema mama yake anapiga simu tangu asubuhi. Nikasema simu nazo hazimo. Akaenda kuongea naye jikoni, nikasikia nikitajwa bila heshima yoyote.

Ijumaa, 7 Machi
Saa tatu kamili nilisimama mbele ya mama mkwe, shati limepigwa pasi, nikasubiri kusifiwa. Akaniuliza mikono ya gauni iko wapi. Nikamwonyesha kalenda. Kushona mikono kulikuwa Alhamisi, na yaliyoipata Alhamisi tunayajua sote. Baada ya sifa, siku yote ni njano. Kushona siku ya njano ni fujo.

Nikakaa, lakini sikupumzika. Niliitazama ile meza na jua lake, nikaogopa kweli.

Jumamosi, 8 Machi
Mwalimu mkuu kaja na viatu vya mahafali mkononi. Gauni halina mikono. Akasema, kama anavyosema na wanafunzi wake, kwamba hasimami mbele ya wazazi mabega wazi. Mama mkwe akampa shemeji gauni. Shemeji akaanza mluzi wake, akaibandika mikono yote miwili mwalimu akiwa bado anakunywa chai. Hakupanga. Hakutafakari hata kidogo. Mwalimu kaondoka anatabasamu. Nimemwonea aibu shemeji.

Meza ya dirishani ni yake. Mimi nimehamishiwa stoo, nyuma ya majora ya vitambaa. Nimelia kidogo, kwenye kipande cha bitana. Kisha nikawasha taa, nikaona ukuta. Mrefu, mweupe, hauna hata msumari. Unatosha mwaka mzima.

Mama mkwe kaniletea suruali ya kupunguza, inatakiwa Jumatatu. Itasubiri. Ndiyo kwanza namalizia kuchora Januari.