Mpangaji Wangu Amegeuka Mpwa

Wiki iliyopita sekretariu wa mtaa alipita na kipaza sauti. Kila mwenye anekso, yaani kile kijumba cha uani, akiwa anapangisha wageni akate lisensa. Anekso isizidi nyumba ya mwenyewe kwa ukubwa, ikizidi inabomolewa. Anayelaza ndugu zake tu, haimhusu. Tangu siku hiyo hapa Palma hakuna mpangaji hata mmoja. Tumebaki ndugu watupu.

Mimi kwenye benchi la Zuleica muuza kahawa naitwa Hoteli. Jina alinipa Suleimane Bloko, mfyatua matofali, nilipomaliza vyumba viwili vya bloko na vigae uani, huku mwenyewe nimebaki kwenye udongo na makuti. "Mgeni analala na vigae, mwenye nyumba analala na mchwa," huwaambia watu. Na ni kweli.

Jana fiskali, mkaguzi wa majengo, alikuja na futi yake. Chumba kimoja kitupu, cha pili anakaa Leonel, dereva wa lori la kokoto, kijana wa Mueda, mstaarabu, kodi analipa kabla mwezi haujaandama. Kodi hiyo ndiyo bati zangu za mvua zijazo. Fiskali akauliza, huyu nani? Ningeweza kusema binamu. Ningeweza kusema rafiki wa msikitini, ingawa Leonel ni Mkristo. Nikasema mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, tumbo moja; akaandika kwenye karatasi yake.

Leonel alikuwa anaanika shati. Akatabasamu, akasema kwa lafudhi ya kwao ndiyo, huyu njomba wangu.

Asubuhi hii nilipoyasimulia hayo benchini, mzee Abudo, aliyekuwa tarishi wa wilaya miaka ishirini, aliweka kikombe chini.

"Umesema mtoto wa dada? Kwa mtu wa Mueda?"

"Nimesema."

"Kwao mtoto wa dada ndiye mrithi wa mjomba. Wanao wa kuzaa wanakaa pembeni."

"Mzee Abudo, hapa ni pwani, si Mueda."

"Karatasi imeandikwa pwani?"

"Imeandikwa mpwa. Nimetia saini."

"Hongera. Dada yako kajifungua dereva."

"Sina dada. Mama alizaa wanaume watano."

Zuleica alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Nikawaambia hawajasikia bado. Mchana ule ule Leonel aliingia jikoni bila kuitwa, akala, akamwambia mke wangu Cadija mchuzi umepungua chumvi. Kuhusu kodi, alisema kwa heshima kabisa kwamba mpwa akimlipa mjomba watu watatucheka. Halafu akauliza lini nitatuma wazee wakamposee kijijini Mute, kuna binti amempenda.

Suleimane akanishauri nirudi kwa fiskali nikaseme kweli. Mzee Abudo akatikisa kichwa. Nikisema Leonel ni mpangaji, watapima, na anekso yangu imeizidi nyumba yangu mara mbili. Watabomoa. "Njia ya mwongo fupi, Hoteli," alisema, "na wewe umeijengea ukuta wa bloko."

"Bloko zake," nikamnyooshea kidole Suleimane. Huyu kutwa ananicheka, leo ananifundisha ukweli. Nikamuuliza wapangaji wake wanne aliwaandikisha kama nani.

Akakuna shingo. "Mashemeji. Kaka zake mke wangu."

"Wote wanne?"

"Wote. Tangu jana wananidai mahari iliyobaki."

Tulicheka, lakini mimi nilicheka nusu. Bati zangu zilikuwa zinapaa naziona.

Hapo Leonel akatokea na shati lake safi, kajitwika gunia la mihogo. Nyuma yake mama mmoja wa makamo, kilemba kimekaa sawasawa, kuku kwapani.

"Shikamoo, njomba. Mama kafika na gari la alfajiri. Nilimpigia nikamwambia kaka yake kapatikana."

Mama yule alinitazama juu mpaka chini, akaniwekea kuku mapajani.

"Kaka, umekonda," alisema. "Mkeo hapiki? Haya, twende nyumbani. Nimesikia marehemu mama katuachia nyumba mbili. Mimi ndiye mkubwa, nachukua ya vigae."

Nikatazama benchi. Mzee Abudo alikuwa anakagua mbingu. Suleimane kashaondoka. Nikanyanyuka, nikampokea Leonel lile gunia, tukaongozana nyumbani, mimi na dada.