Simameni Nyuma ya Joho

Alhamisi, 15 Agosti 1957

Jumapili tunachagua mwenyekiti wa Chama cha Maendeleo hapa Ngamiani. Wagombea wawili: mimi, Uweso, niliyefika Mombasa mara mbili na Unguja mara moja (nilitapika njia nzima, lakini nilifika!), na Massoud, Mpemba muuza viungo, ambaye hata Korogwe haijui. Kura si za karatasi. Kila mtu anasimama nyuma ya amtakaye, mistari inahesabiwa.

Hapo akili ikaniwaka! Wengi hawaijui sura yangu. Nimeazima joho la baba mkwe, Mzee Mwinyijuma wa Moa. Jeusi, tarizi za dhahabu, Tanga nzima halina mwenzake. Mzee kasema likipotea, nihamie kwake nikafue nazi mpaka ndevu ziote mvi. Mke wangu Mboni kauliza kwa nini nisiwazoeshe watu sura yangu tu. Siasa haijui.

Ijumaa, 16 Agosti

Mguu haukutua! Asubuhi sokoni. Baada ya swala, mazishi Chumbageni. Nimepokea jeneza mara tatu, joho likinasa kila mara. Alasiri Raskazone kwa wapishi na madobi wa Wazungu. Kila mahali neno moja: "Sura sahauni, simameni nyuma ya joho!" Wameitikia vizuri sana.

Bi Mwatum, mjane, analia paa linavuja. Nimempa makuti ya jukwaa langu la Jumapili. Jukwaa sasa halina kivuli. Potelea mbali.

Massoud anagawa halua na kahawa barazani. Hotuba hana! Watu wanamsifu. Usingizi hauji.

Jumamosi, 17 Agosti

Dawa ya Mpemba nimeipata! Ernesti, Mnyamwezi mkata mkonge, mwanachama mwenzetu. Ulimi wake panga. Sisi Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu mababu. Siku tunamzika baba, Ernesti alijilaza kaburini, akagoma kutoka mpaka apewe jogoo. Nimemwahidi jogoo mwingine, kesho amkejeli Massoud mbele ya watu.

Mboni kaguna, eti Massoud naye ni mtani wa Ernesti? Nikamjibu ulimi ni ulimi.

Jumapili, 18 Agosti

Balaa!

Ernesti kapanda jukwaani, kamwamkia Massoud kwa adabu zote. Kasema Mpemba si mtani wake, akimtukana ni kesi. Kisha kanigeukia mimi! "Mzigua wangu huyu! Kafika Mombasa mara mbili, zote mbili kapotea njia ya chooni! Mnataka mwenyekiti, au kuku aliyeazima mkia wa tausi?"

Watu hoi. Massoud kacheka mpaka miwani ikamdondoka. Nami nikacheka, kwa meno tu. Mtani hakasirikiwi! Mara kanivua joho, kalivaa yeye. Nikamnong'oneza alirudishe, nitaongeza jogoo wa pili. Kanijibu joho lina joto zuri.

Papo hapo msimamizi, Shekhe Jaku, akapiga filimbi: jipangeni! Watu wangu wote, wapishi, madobi, wafiwa wa Chumbageni, mbio nyuma ya joho. Nikapiga kelele, mimi hapa! Dobi mmoja akanifokea: "Bwana, usitubabaishe. Sura tumeambiwa tuisahau!" Bi Mwatum akanipungia mkono kutoka mstari wa Ernesti, machozi ya furaha yakimtoka.

Nyuma yangu alisimama Mboni. Peke yake.

Shekhe Jaku kaamua: Ernesti ni mwanachama, na mstari ni mstari. Mwenyekiti Ernesti! Joho, kasema, sasa ni vazi la kiti. Massoud kashindwa vilevile, lakini kaja kunipa pole na halua. Tamu, laana!

Jumanne, 20 Agosti

Moa. Nafua nazi. Viganja malengelenge. Mzee Mwinyijuma ananionyesha rundo kwa bakora. Mboni analeta maji, ananitazama, anacheka, anarudi ndani.

Lakini! Nimesikia wavuvi wa hapa watachagua kiongozi wao mwezi ujao. Kwa mistari! Sura yangu hawaijui hata kidogo. Na Mzee ana kilemba cha hariri cha Maskati, kimelala bure sandukuni.

Nimeshampelekea salamu Ernesti aje kunipigia debe. Sasa ni mwenyekiti, mtu mzito. Hawezi tena kufanya upuuzi.