Mizizi Minene ya Kitunguu

Jumatatu, 4 Mei
Mwalimu mkuu katangaza: maabara mpya atapewa atakayemwonyesha mkaguzi, Ijumaa, seli zikigawanyika. Hatua zote, kwa hadubini. Tumebaki wawili. Mimi, mwalimu wa baiolojia tangu hadubini hiyo ikiwa mpya. Na Shemeji, mdogo wake mke wangu, niliyemfundisha mwenyewe hapa hapa. Tenda wema uende zako! Niende wapi, jamani? Ofisi yangu ni kona ya stoo ya viti vibovu. Maabara ina mlango na kitasa.

Nimeweka vitunguu juu ya vikombe vya maji, dirishani jikoni. Vikiota mizizi, kazi kwisha.

Jumatano, 6 Mei
Mke wangu kavikatia mchuzini. Vyote! Kasema kitunguu kikiwa jikoni ni cha mpishi. Vya mdogo wake viko shuleni, salama salimini. Damu nzito kuliko maji. Nimekula mchuzi kwa hasira, nikaongeza.

Alhamisi, 7 Mei
Nimewahi shule. Vitunguu vya Shemeji vimeota ndevu. Nimevinyoa. Sehemu za juu, nene, nyeupe, za heshima: zangu. Ncha zilikuwa nyembamba, za manjano, hazina mbele wala nyuma. Nimezikata nikamwachia kikombeni. Mimi si mchoyo: ng'ombe nimemla, mkia wake huo.

Shemeji kalalamika kuna panya. Nimempa pole.

Ijumaa, 8 Mei
Aibu! Mkaguzi kainamia hadubini yangu. Seli kubwa, ndefu, zimetulia tuli. Hata moja haigawanyiki. Kauliza kama zimelala. Nikamwambia zinajiandaa. Kasubiri mpaka shingo ikamuuma.

Kisha ya Shemeji. Zile ncha! Kazipaka rangi, na hatua zote zimo: kromosomu zimejikunja, kwingine zimejipanga mstari katikati, kwingine zinavutwa huku na huku, mwisho seli mbili na ukuta kati yao. Kasema mbele ya wote kuwa ni shemeji yake aliyemfundisha: seli za mzizi hugawanyika nchani. Kweli, mimi huandika hivyo ubaoni kila mwaka. Nani husoma anachoandika? Wamempigia makofi. Nami nimepiga. Moyo unaniuma hadi sasa.

Jumapili, 10 Mei
Shemeji kaja na ufunguo wa maabara shingoni. Kanibembeleza tufanye kazi pamoja, kanitengea meza ya dirishani. Dada yake kasema nikubali, japo mara moja nisijiharibie. Nimekataa! Kosa langu nimeliona: huruma. Nilimwachia ncha. Mwakani ncha zote namwaga chooni, nabaki na mizizi minene peke yangu.